Mkilua wa Salma

Hor al-Anz, Dubai
9 Mei 2024

Fauziya,

Huna haya. Mwaka wa tatu huu! Mtoto huzaliwa, akatambaa, akakimbia, akajifunza kutukana, na weye hujatia mguu nyumbani kwangu. Ulimaliza arubaini ya mama'ko, ukafunga sanduku, ukaniambia, "Bibi, naenda Unguja kupumzisha kichwa, narudi." Kichwa gani hicho kisichopumzika miaka yote hiyo? Ng'ombe hupumzika upesi kuliko weye.

Harriet anacheka. Nimemwambia asicheke, aandike. Huyu Harriet ni msichana wa Kampala, amepanga kile chumba cha nyuma tangu mwaka jana, anafanya kazi ya sekyuriti kwenye jumba la maduka kule Al Barsha. Mimi sikusoma, wajua. Nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha aandike kila neno, hata nikikutukana. Simu sitaki. Simu ndiyo iliyoniletea habari ya mama'ko Salma kutoka hospitali, na tangu siku ile haigusi sikio langu. Barua atakuletea Lukman, anayenunua mashuka soko la Naif kwenda kuuza huko kwenu. Akienda atachukua, akirudi ataleta.

Sasa sikiliza. Mvua ya mwezi uliopita umeiona kwenye televisheni, lakini televisheni haikuingia uani kwangu. Jumanne ile mbingu iligeuka kijani, rangi ya mchicha uliopikwa ukasahauliwa. Nimekaa mji huu tangu babu yako hajaota mvi, sijaona rangi ile juu ya kichwa changu. Ikanyesha. Nikasema itakatika. Haikukatika. Maji yakatoka mbinguni, yakatoka na chini, kwenye karo la chooni. Mimi na Harriet tulipanda juu ya meza ya jikoni. Yeye kakumbatia mtungi wa gesi, mimi nimekumbatia gunia la mchele, tunatazamana kama kuku waliofungwa miguu.

Siku ya sita ndipo likaja gari la kunyonya maji. Siku sita, Fauziya! Migomba yote miwili imelala. Mpapai umeoza shina, nimeugusa ukaingia kidole. Mrehani, mchaichai, mtambuu, vyote khalas, vimekwisha. Nyuma yake ardhi imetoa chumvi, nyeupe, kama mtu kamwaga unga.

Mkilua wa mama'ko umesimama. Lakini majani yamepiga manjano kutoka chini, na ukiunusa udongo wake, unanuka yai bovu.

Salma aliutoa Unguja katika kopo la maziwa, weye ukiwa tumboni mwake miezi minane, akauficha sandukuni baina ya sidiria zake. Kitovu chako nimekizika pale kwa mkono wangu. Na nilikuahidi mbele yake: siku ya harusi yako kikuba chako cha kujibandika kifuani kitasukwa kwa maua ya mti ule, kwa vilua vyake, si vya kununua. Sasa weye na huyo Hakim wako mmesema mwaka huu. Mwaka huu lini? Nipe tarehe nijue ninauguza mti kwa miezi mingapi. Na weye ndiye bibi shamba wa serikali, umesomea majani, niambie nifanye nini.

Mimi bibi yako,
Mwanajuma

*

Mwanakwerekwe, Unguja
2 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili, na matusi nimeyapokea, yalinistahiki.

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini nikalazimika kutoka nje. Nashukuru Mungu mko salama. Nilipoona habari za mafuriko nilikaa na simu mkononi kutwa, kisha nikakumbuka huna simu.

Kuhusu mkilua. Mizizi imekosa hewa, Bibi. Imekaa ndani ya maji siku sita, mingi imeoza. Kilichobaki ni kidogo na hakiwezi kulisha majani yote. Kwa hiyo fanya haya: usitie mbolea yoyote, hata ya mbuzi. Tifua udongo kwa mkono, polepole, usitumie jembe. Ukishakauka, mwagia maji matamu kidogo kidogo ili chumvi ishuke. Utilie kivuli kabla ya joto kuja. Na ukate matawi, theluthi nzima. Najua itakuuma. Usipokata, mti utajichosha wenyewe.

Huku nako hali si hali. Masika yalikuja na upepo usio wake, wakulima wangu wananiuliza wapande lini. Nina cheti ukutani na sina jibu.

Hakim anakusalimu sana. Mambo ya harusi tutapanga, Bibi, usijisumbue nayo. Wala usijichoshe kwa ajili ya vilua. Afya yako kwanza.

Mjukuu wako,
Fauziya

*

Hor al-Anz, Dubai
14 Julai 2024

Fauziya,

Nimekuuliza tarehe, umenijibu "tutapanga." Mke mwenzangu, nimekulea, nakujua. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukinijibu nikikuuliza nani kala maziwa ya unga.

Haya. Harriet kanisomea barua yako mara tatu. Mbolea sikutia. Udongo nimeutifua kwa vidole mpaka kucha zimetoka damu. Chumvi nimeishusha. Kukata, sikukata. Nilichukua mkasi, nikasimama pale, nikaona lile tawi lililopinda, ambalo Salma alilifunga kwa utepe wa ushungi wake lisiguse ukuta. Utepe bado upo. Nikarudisha mkasi jikoni. Nitukane ukipenda.

Joto sasa. Sijui nikwambieje. Kila mwaka joto lipo, hii ni Dubai, lakini la mwaka huu limekuja na roho mbaya. Saa tano asubuhi ukuta haugusiki. Kiatu cha Harriet cha plastiki alikiacha mlangoni, kikajikunja kama kimeona aibu. Maji ya bombani unatia majani ya chai moja kwa moja. Tangi liko juu ya paa, wakumbuka, na jua halilionei huruma.

Kwa hiyo nafanya hivi. Kila jioni nachota ndoo nne, naziingiza chumbani kwangu chini ya AC, zinalala nami. Alfajiri nikishasali yamepoa, namwagia mkilua. Na ule mpira wa AC unaotoa matone nimeuvuta mpaka shinani. Nimeshona magunia ya mchele saba, nimefanya paa. Mchana nayalowesha. Yanakauka kabla sijafika mlangoni, narudi, nayalowesha tena.

Harriet aliniambia, "Bibi, yalla, ingia ndani, utaanguka." Nikamwambia, "Nikianguka nitaanguka kivulini, nimeshona mwenyewe."

Na sikiliza habari njema! Umetoa vitumba. Vinne! Majani karibu yote yamekwenda, lakini vitumba vinne vimetokea kwenye lile tawi la utepe. Ningelikata kama ulivyosema, visingekuwapo. Haya, nani amesoma?

Nipe tarehe.

Bibi yako,
Mwanajuma

(Dada Fauziya, hapa chini ni mimi Harriet, Bibi haoni. Anatoka nje saa sita, saa saba, saa nane. Ameacha kula mchana. Tafadhali andika umwambie kikuba si lazima. Mimi ameshaniambia nikashike adabu yangu.)

*

Dubai
11 Agosti 2024

Dada Fauziya,

Mimi ni Harriet. Leo ninaandika maneno yangu mwenyewe, na Kiswahili changu nimejifunzia hapa hapa kwa Bibi, basi nisamehe.

Bibi alianguka. Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilirudi kutoka duty nikamkuta amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, kopo liko mkononi, ngozi imekauka na moto kama sufuria. Aliniita Salma. Nikaita ambulensi. Hospitali walimlaza siku nne, wakasema ni joto, na figo zimechoka. Sasa amerudi nyumbani, anatukana, basi najua ni mzima. Lakini hatembei bila kushika ukuta. Amenikataza kukuambia. Namba yako nilimwomba siku ile ile, akasema aliitupa pamoja na simu.

Sasa kitu cha pili. Ninaona aibu kukiandika.

Kabla hawajamchukua alinishika mkono. Hakusema habari ya dawa wala ya nguo. Alisema, "Maji ya ndoo, Harriet. Maji yaliyolala. Alfajiri." Nikamwambia ndiyo Bibi.

Siku mbili nilifanya sawa. Siku ya tatu bosi alinibadilishia zamu, nikatoka nyumbani saa tisa za usiku, nimesahau ndoo. Nikarudi saa saba mchana. Nilipita kwanza hospitali, nikamwona Bibi na zile waya, halafu nikaja nyumbani nikaona mti umeinama wote na vitumba vimelala kama shingo ya ndege. Nilisikia huruma. Kichwa changu kilikuwa bado hospitali. Nikachukua mpira wa bomba uliokuwa msumarini juani tangu asubuhi, nikafungua bomba, nikauweka kwenye shina. Nikauacha hapo, nikaingia kuoga.

Nilipoweka mguu wangu kwenye maji ya kuoga ndipo niliruka. Nikakumbuka. Nilitoka mbio na khanga ya Bibi, nikafunga. Udongo ulikuwa unatoa moshi, dada. Kweli, moshi.

Kesho yake vitumba vyote vinne vilikuwa chini. Vyeusi.

Nimemwambia Bibi ni joto. Kila asubuhi anakaa dirishani anaangalia ule mti, na mimi ninapita nyuma yake kwenda kazini. Niambie nifanye nini. Nimwambie? Atafukuza mimi? Kufukuzwa ninaweza kubeba, lakini sitaki aanguke tena.

Harriet

*

Mwanakwerekwe, Unguja
25 Agosti 2024

Dada Harriet,

Karatasi hii nimeitia katika bahasha yake peke yake, na nimemwambia Lukman akupe wewe mkononi. Usimsomee Bibi. Namba yangu nimeiandika nyuma. Likitokea jambo lolote, saa yoyote, nipigie.

Kwanza, usijiue kwa mawazo. Nilipoandikiwa kwamba mti umepoteza majani na umetoa vitumba, nilijua. Mti ukiona unakufa, mara nyingi hutoa maua kwa haraka, kwa nguvu za mwisho. Nimefundishwa hivyo, na wakulima nawafundisha hivyo. Bibi aliona harusi. Mimi niliona mwisho, nikashindwa kumwandikia. Maji yako yalikuwa ya moto, sikatai, lakini uliyemmwagia alikuwa maiti tayari, au karibu yake.

Sasa na mimi nikwambie langu, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nimeshaolewa, Harriet. Tangu tarehe ishirini na sita Aprili, Ijumaa, mfungo mosi. Baba yake Hakim alikuwa mgonjwa sana, akataka aione nikaha kwa macho yake. Walinipa siku tano. Dubai ndiyo kwanza imetoka majini, ndege zimevurugika, na Bibi hana simu. Nilijiambia hizo ndizo sababu. Si kweli. Lukman alikuwapo, angeweza kumpigia mtu wa Naif akaenda kumgongea mlango. Sikumwomba.

Niliogopa Bibi angesema, "Ngojeni, mpaka vilua vya Salma." Na vilua vya Salma vingenilazimisha kuja kuvichuma. Mara ya mwisho nilipomwona mama yangu amesimama kwa miguu yake, alikuwa chini ya mkilua ule, na mpira mkononi, anamwagilia huku anakohoa. Amenipa kisogo ili asiniambukize. Nilisimama mlangoni nikaambiwa nisisogee, nikatii. Kisha gari la hospitali likamchukua. Siwezi kuingia uani pale. Nimejaribu mara mbili kukata tiketi.

Kwa hiyo mwezi wa Mei, Bibi aliponiandikia ananiuliza tarehe, mimi nilikuwa na hina ya harusi inayopauka kucha zote kumi. Nikaandika "tutapanga." Na yeye akaenda kusimama juani.

Mwache apate nguvu. Nitamwambia mwenyewe, sijui lini.

Fauziya

*

Hor al-Anz, Dubai
6 Oktoba 2024

Fauziya,

Lukman alikuja Jumamosi. Kaniletea karafuu, nikampa kahawa na halua, akaketi. Nikamuuliza, "Lukman, weye unayekwenda kule kila mara, hawa watoto wataoana lini?" Akacheka. "Bibi bwana! Wataoana mara ya pili? Mimi biriani yao nimeila mfungo mosi, tena nikabeba na ya mke wangu!" Kisha akaniona uso. Akaanza kuchungulia kikombe kama kaangusha sindano ndani.

Maskini, alinisahihishia mpaka tarehe. Ijumaa. Nimehesabu kwa vidole. Ijumaa ile mimi nilikuwa naanika godoro la Salma juu ya ukuta.

Kwa hiyo, mwanangu, kiangazi kizima nilikuwa nauguza vilua vya harusi iliyokwisha liwa.

Sikulia mbele ya Lukman. Nilimfungia na halua ya mkewe. Alipotoka nikamwita Harriet, nikamwambia, "Leta ile bahasha aliyokupa mwezi uliopita ukaificha chini ya godoro." Akasema, "Bahasha gani, Bibi?" Nikamwambia, "Mimi sijui kusoma, lakini kutandika najua." Akaileta, akaisoma analia, nikamwambia asome taratibu, machozi yake yanameza maneno.

Harriet, andika. Mbona kalamu imesimama? Andika hili pia: habari ya maji ya moto naijua. Niliijua siku niliyorudi kutoka hospitali. Mpira wa bomba niliuacha umezungushwa msumarini, nikaukuta umelala na mdomo shinani. Na niliweka mkono kwenye udongo, ulikuwa mgumu kama umepikwa. Nilinyamaza kwa sababu msichana alikuwa haguswi, ukimwita tu anaruka. Mvua iliuanza, chumvi ikausukuma, mimi nikakataa kuukata, na jua likakaa juu yake miezi mitatu. Yeye alikuja mwisho na huruma yake. Hafukuzwi mtu hapa. Harriet, futa pua, umelowesha karatasi.

Sasa weye.

Unasema huwezi kuingia uani. Na mimi je? Mimi napita hapo kila siku kwenda kuanika nguo. Sina Unguja ya kukimbilia. Salma alikuwa mama'ko, lakini alikuwa mwanangu kwanza. Ungeniambia tu, "Bibi, siwezi." Ningekutukana siku mbili, ya tatu ningekwambia olewa mwanangu, jifunge hata maua ya plastiki. Umenificha ukadhani unanihifadhi. Nilikuwa juani, Fauziya.

Nimekwisha kukugombeza. Imetosha, inaniuma kifua.

Nyota ya Suheili imekwisha toka. Zamani ikitoka, wiki moja, mbili, tunaanza kutoa viti nje. Mwaka huu imetoka, na joto limekaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Jana nilishika ukuta, nikaenda mpaka kwenye mkilua. Nilikwangua gamba kwa ukucha, nikitafuta kijani. Juu hakuna. Kwenye lile tawi la utepe hakuna. Nikashuka mpaka shinani, nikapiga magoti, nikafukua kidogo. Hakuna. Nimewahi kuona miti migonjwa mingi nikaitibu kwa majivu, kwa maji ya mwarobaini, kwa kuisemesha. Hii mvua na hili jua sina dawa yake, na weye mwenye cheti huna. Basi tusidanganyane.

Mwenye nyumba alipita, akasema ataleta vijana waukate, wamwage saruji. Nimemwambia akijaribu nitakufa mlangoni kwake, na aibu itakuwa yake.

Kwa hiyo unakuja. Sikuombi. Mwezi wa kumi na mbili, jua likiwa na adabu. Mlete Hakim, nimtazame usoni huyu aliyekula harusi bila mimi. Usilete khanga, ninazo. Usilete mche wowote kwenye kopo, hata wakikupa bure. Sina tena cha kuuahidi. Ukifika usipitie mlango wa barabarani, nitakuketisha tukaanza salamu na hutaufikia mti. Pita mlango wa uani, nitauacha wazi. Panga liko nyuma ya pipa la mchele, Harriet amelinoa. Nitakuwa nimekaa kitini pale pale, ukutani, ukinitaka unipe mkono.

Utepe wa mama'ko ufungue kwanza, unipe. Kisha mti uukate weye, uanzie chini. Sitaki mkono mwingine uuguse. Ukimaliza, nawa, uje ule.

Bibi yako,
Mwanajuma